Shanti ya Chhabra: mrija wa dola 35 mbele ya mrija wa dola 650

Kifurushi chake ni chepesi hata unaweza kukisahau mfukoni mwa koti. Ukikifungua unakuta mrija mfupi wa silikoni unaoingia kwenye ubongo, chemba ndogo inayolala chini ya ngozi ya kichwa, na mrija mrefu unaoteremka shingoni na kifuani hadi tumboni. Hiyo ndiyo shanti ya Chhabra, mrija wa kutoa maji yaliyozidi kwenye ubongo na kuyamwaga tumboni. Inatengenezwa na kampuni ya G. Surgiwear katika mji wa Shahjahanpur, jimbo la Uttar Pradesh, India, na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki zinazotibu watoto wenye kichwa kikubwa, huu ndio mrija unaotolewa stoo.

Mwenye haraka apate jibu hapa hapa. Ni kifaa kizuri. Hospitali ikinunue bila kuona haya, na fedha inayookolewa iende kwenye mambo yanayoamua kama mtoto atapona: usafi wa thieta, mafunzo ya daktari, na nauli ya mama kurudi kliniki. Ila wapo watoto ambao ni afadhali wasiwekewe mrija wowote, uwe wa India au wa Marekani. Hao nao wana sehemu yao hapa chini.

Kazi inayotarajiwa

Ubongo umezungukwa na maji. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, mtoto mchanga chini ya hapo. Maji hutoka kwenye vinyama laini vyenye mishipa mingi ya damu vilivyomo ndani ya vyumba vya ubongo, hupita kwenye njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji hayaachi kutengenezwa. Mtoto ambaye mifupa ya fuvu lake haijashikana hutanuka kichwa: utosi hujaa na kukaza, mishipa huchomoza kwenye ngozi, macho huelekea chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni. Huku nje kichwa kinakua, ndani ubongo unasukumwa ukutani na kuwa mwembamba.

Chanzo cha tatizo kwetu si kile kinachoongoza Ulaya. Kule wengi ni watoto njiti waliovuja damu ndani ya ubongo. Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa watoto 300 waliofika pale. Asilimia 60 kichwa kilianza kukua baada ya maambukizi kwenye ubongo, na wengi wao walikuwa wameugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti wa Uganda na Marekani wakaeleza kwamba kwenye maji ya baadhi ya watoto hao walimkuta bakteria aitwaye Paenibacillus thiaminolyticus. Wengine ni watoto wa mgongo wazi, waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga.

Anayechagua mrija asiliruke jambo hili. Maji yaliyobaki baada ya maambukizi huwa mazito kwa protini na mabaki ya usaha. Vyumba vya ubongo navyo huweza kugawanyika kwa kuta za makovu, na mrija mmoja unakausha chumba kimoja tu huku kile cha jirani kikiendelea kuvimba. Kifaa kilichofanya vizuri Ulaya hakijapita mtihani huu mpaka kijaribiwe huku.

Dola 35 na dola 650

Chhabra ulijaribiwa huku. Pale Mbale watoto 195 waliwekewa ama Chhabra ama Codman-Hakim Micro Precision, mrija unaotumika sana katika nchi tajiri, wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Bei ya wakati ule ilikuwa dola 35 kwa Chhabra na dola 650 kwa Codman, yaani kwa fedha ya mrija mmoja wa ghali ungewahudumia watoto 18. Walipohesabu maambukizi, kuziba na vifo, hawakuona tofauti ya kuaminika kati ya mirija hiyo miwili.

Ukijua mirija hii inavyokufa hutashangaa. Ni nadra vali yenyewe, yaani kilango kinachoruhusu au kuzuia maji kupita, kuwa ndiyo iliyoshindwa. Mrija huziba kwenye ncha ya juu kwa sababu vile vinyama vimekua na kuingia kwenye vitundu vyake, au kwa sababu maji ni mazito. Huambukizwa na bakteria wa ngozi ya mtoto mwenyewe, au wa mikono ya waliokuwa thieta. Vali iwe ya fundi stadi kiasi gani, haina la kufanya dhidi ya hayo.

Tuna dukuduku moja na utafiti ule: mwaka mmoja ni mfupi kwa kifaa ambacho mtoto atakaa nacho miaka na miaka. Hautuambii silikoni hiyo ikoje mtoto akifika darasa la tano.

Kuhusu ujenzi wake, vali ya Chhabra ni mpasuo kwenye silikoni unaosaidiwa na springi. Msukumo wa maji ukizidi kiwango fulani mpasuo unafunguka, ukipungua unajifunga. Hutoka kwa viwango vya chini, vya kati na vya juu, na vya kati ndivyo vya kuweka stoo kwa wingi. Kiwango hakibadilishwi baada ya operesheni. Nchi tajiri zina vali zinazorekebishwa kwa sumaku kutoka nje ya kichwa, na wapo wafadhili wanaotamani kuzileta. Ombi letu ni wasizilete kabla hawajahakikisha kile kifaa cha kurekebishia kipo katika kila hospitali ambayo mtoto anaweza kukimbiziwa. Sumaku kali, ikiwemo ya kipimo cha MRI, inaweza kuhamisha kiwango cha baadhi ya vali hizo, na daktari wa zamu Sumbawanga hatakuwa na njia ya kujua. Mrija usiobadilika una faida hiyo: unachokiona kwenye kadi ya mtoto ndicho kilichomo kichwani.

Upungufu wake wa kweli ni kukausha kupita kiasi. Mtoto akiinuliwa, maji kwenye mrija mrefu huvutwa na uzito wake yenyewe kuelekea tumboni. Utosi unabonyea, mifupa ya fuvu inapandana, na ubongo mwembamba ukijitenga na fuvu ghafla, vimishipa vinavyouunganisha hukatika na damu hujaa juu yake. Mwenye kichwa kikubwa mno ndiye aliye hatarini zaidi. Huyo alazwe chali siku za mwanzo, kisha kichwa kiinuliwe kidogo kidogo siku hadi siku, na mama aelezwe sababu, la sivyo atambeba mgongoni siku ileile kama ilivyo desturi.

Mezani

Hapa ndipo mrija wa dola 35 unapogeuka kuwa wa dola 650, au kuwa taka. Kabla ya yote maji yachunguzwe. Kama mtoto amekuwa na homa au amewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, maji yavutwe kwa sindano nyembamba kupitia pembe ya utosi yapelekwe maabara. Yakiwa na ukungu au chembe nyingi za kinga, hakuna shanti siku hiyo: atapewa antibiotiki, na presha itapunguzwa kwa njia ya muda hadi maji yawe safi. Kumwekea mrija mtoto mwenye usaha ni kumrudisha mezani akiwa na hali mbaya zaidi. Vipele au kidonda kwenye njia ya mrija, kuanzia kichwani hadi tumboni, navyo vinaahirisha kazi.

Mtoto aogeshwe kwa sabuni ya klorheksidini jioni ya kuamkia operesheni na asubuhi yake. Nywele zikatwe kwa mashine, wembe uachwe kabisa, maana mikwaruzo yake ndiyo shamba la bakteria. Awe wa kwanza kwenye orodha ya siku, kabla ya majeraha yenye usaha na matumbo yaliyotoboka. Antibiotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Mlango ufungwe, na wanafunzi watazame wawili, wasijazane kumi.

Kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya mabega na kichwa kigeuzwe, ili kutoka nyuma ya sikio hadi kitovuni pawe mstari mmoja ulionyooka. Asipopangwa hivyo, fimbo ya kupitishia mrija itakwama shingoni, na mwenye haraka ataisukuma kwa nguvu: ama itatoboa ngozi juu ya mtulinga, ama itazama kifuani. Ncha yake iwe inapapasika chini ya kidole njia nzima. Isipopapasika, rudi nyuma. Dawa ya kusafishia ngozi iachwe ikauke yenyewe, maana ukiifuta kwa gozi unaikatisha kazi. Kila anayegusa avae glavu mbili mbili, na ya juu ivuliwe kabla ya kugusa mrija.

Kifurushi kisifunguliwe mapema. Kata ngozi kwa umbo la upinde ili mshono usilale juu ya chemba, fungua tumbo, pitisha njia, halafu ndipo karatasi ya kifurushi ichanwe. Mrija uingie moja kwa moja kwenye bakuli la maji ya chumvi yaliyo safi. Usiulaze juu ya shuka wala gozi: silikoni kavu huvuta nyuzi na vumbi, na unyuzi mmoja unatosha kuziba mpasuo au kubeba bakteria. Ujaze maji kwa bomba la sindano, toa viputo, kisha shika ncha ya chini iwe chini kuliko ya juu na utazame. Tone linakua, linaning'inia, linaanguka, jingine linafuata. Huu ndio ukaguzi pekee wa ubora utakaoufanya kwa macho yako. Mrija usiodondosha hapo utupwe, hata kama ni wa mwisho stoo.

Urefu wa mrija wa ubongoni upimwe kwa altrasaundi kupitia utosi, usikisiwe. Ncha ikae mbali na vile vinyama vinavyotengeneza maji, la sivyo vitaikumbatia na kuiziba. Viungio vifungwe kwa uzi wa hariri, kwa kiasi, maana uzi uliokazwa mno hukata silikoni. Kabla ncha ya chini haijaingia tumboni, subiri uone maji ya mtoto mwenyewe yakidondoka bila kubonyeza chemba. Yakisita, tatizo liko juu na litafutwe sasa. Tumboni zibaki sentimita 20 hadi 30, kwa kuwa mtoto atarefuka na mrija hautarefuka naye. Ngozi ifungwe kwa tabaka mbili. Timu iliyozoea humaliza chini ya saa moja, na kadiri jeraha linavyokaa wazi ndivyo hatari ya maambukizi inavyopanda.

Hayo yote hayahitaji mashine. Yanahitaji nidhamu ya watu walewale, kila siku, hata siku maji yamekatika na orodha ni ndefu.

Inavyoharibika

Hata katika nchi tajiri, takriban mirija 40 kati ya 100 ya watoto hushindwa ndani ya mwaka wa kwanza. Mzazi aambiwe hivyo kabla ya operesheni. Asipoambiwa, mrija ukiziba ataamini ameuziwa kitu kibovu, au kwamba mtoto amerogwa, na hatarudi.

Maambukizi mengi hujitokeza miezi ya mwanzoni: homa, mtoto kukataa kunyonya, wekundu kufuata njia ya mrija, tumbo kujaa. Tiba yake ni kuutoa mrija wote, kumpa antibiotiki mshipani, na kusubiri maabara ithibitishe maji ni safi kabla ya kuweka mwingine. Ni kitanda cha wiki kadhaa. Kumwaga antibiotiki huku mrija ukiwa ndani kwa kuwa hakuna mwingine stoo ni kosa la kawaida, na huishia pabaya.

Ngozi ya mtoto mwenye utapiamlo ni nyembamba, na akilalia upande wa chemba inaliwa mpaka silikoni inaonekana. Mrija ulioonekana tayari umeambukizwa. Kushona ngozi juu yake hakusaidii, unatoka. Ndiyo maana mtoto aliyekonda alishwe kwanza pale hali inaporuhusu kusubiri, na baada ya operesheni alazwe upande wa pili. Wakati mwingine ncha ya chini hutoboa utumbo na kutokea njia ya haja kubwa. Mama akiiona asiivute wala kuirudisha: aifunike kwa kitambaa safi na aende hospitali siku hiyohiyo. Ngiri maji kwa wavulana huongezeka pia, kwa sababu tumbo sasa linapokea maji mengi, lakini hiyo haina dharura ya namna hii.

Je, mirija iliyolowekwa antibiotiki? Jaribio kubwa la Uingereza na Ireland lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha maambukizi ya takriban asilimia 2 kwa mirija hiyo, na asilimia 6 kwa ya kawaida. Ni tofauti ya kuheshimiwa. Pale Mbale, watoto 160 walipolinganishwa katika ripoti ya mwaka 2014, tofauti haikufikia kiwango cha kuthibitishwa kitakwimu. Kwa hiyo mfadhili anayeahidi kuileta mfululizo mwaka hadi mwaka apokelewe. Hospitali inayonunua kwa fedha yake ianze na glavu mbili, klorheksidini na orodha ya asubuhi.

Mshindani wake hana mrija

Upo upasuaji ambao daktari anaingiza kamera nyembamba ya endoskopi kupitia utosi, anatoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha anavichoma vile vinyama kwa umeme ili maji yatengenezwe kidogo. Kutoboa peke yake kulikuwepo zamani. Kuunganisha na kuchoma ndiyo kazi iliyopata sura yake Mbale, na madaktari wa Marekani wameipokea kutoka Uganda. Mara nyingi tunasimuliwa ujuzi unaosafiri kuja kusini, kwa hiyo inafaa kusema wazi kwamba huu ulisafiri kwenda kaskazini.

Takwimu za Warf za mwaka 2005, kwa watoto 550, zinasema hivi: kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuchoma kwa asilimia 66. Kwa watoto wa mgongo wazi pengo lilikuwa kubwa zaidi, asilimia 35 dhidi ya 76. Kwa waliozidi mwaka mmoja, kuchoma hakukuongeza kitu. Anayetoboa bila kuchoma kwa mtoto wa miezi mitatu amefanya nusu ya kazi.

Halafu likaja jaribio la mwaka 2017, palepale Mbale, likiwa na watoto 100 wa chini ya miezi 6 wenye tatizo lililotokana na maambukizi. Nusu walipata endoskopi, nusu shanti. Baada ya miezi 12 akili zao zilipimwa na hakukuwa na tofauti ya maana. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 upande wa endoskopi na asilimia 24 upande wa shanti, na pengo hilo nalo halikuthibitika kitakwimu. Wapo wanaoisoma ripoti hiyo na kusema basi shanti inatosha. Sisi tunaisoma kwa jicho la anayeishi saa kumi za basi kutoka hospitali. Endoskopi ikishindwa, kwa kawaida hushindwa ndani ya miezi sita ya kwanza, mama akiwa bado anahudhuria kliniki. Shanti inaweza kuziba mtoto akiwa na miaka minane, usiku, masika, barabara imekatika. Ikiwa ubongo umerudi salama kwa njia zote mbili, ile isiyomwachia mtoto kifaa cha kuharibika ndiyo ya kwanza.

Tatizo liko kwenye kifaa na mikono. Kamera inayopinda ina nyuzi laini za kioo. Ukiikunja kupita kiasi au kuiweka kwenye mashine ya mvuke, umeiua. Inasafishwa kwa dawa ya kuloweka na kusuuzwa vizuri, na lazima mtu mmoja mwenye jina awe mlinzi wake. Maji ya kusuuzia vyumba vya ubongo yawe ya Ringer (maji tiba yenye chumvi), yenye joto la mwili. Ya baridi huvuruga mapigo ya moyo wa mtoto. Chini kabisa ya ile sakafu inayotobolewa kuna mshipa mkubwa wa damu, na hapo hakuna kosa dogo. Vyumba vikiwa vimejaa makovu, au anatomia haionekani, daktari mwenye busara anatoka na kuweka shanti. Mbale walitengeneza alama za kumsaidia kuamua mapema kwa kuangalia umri, chanzo cha tatizo, na kiasi cha vinyama kinachoweza kuchomwa.

Kwa hiyo Chhabra haishindani na endoskopi. Inapokea watoto ambao endoskopi imeshindwa au haiwafai. Hospitali inayofanya endoskopi bila mirija stoo haiko tayari kuanza.

Ushirikiano wa kuupokea na wa kuukataa

Shirikisho la Kimataifa la Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa, lenye makao yake Ubelgiji, na baadaye shirika la Child-Help, walichagua njia inayoonekana ya kawaida mno: kununua Chhabra na kuzipeleka kwa hospitali washirika, mrija uleule, tena na tena, pamoja na kufundisha wauguzi na wazazi. Ukawaida huo ndio thamani yake. Daktari anaujua mrija kwa kuupapasa. Kipande cha juu kikiziba, cha kubadilishia kipo na kinaingiana.

Linganisha na sanduku la msaada lenye mirija ya makampuni sita tofauti, vali ambazo hakuna aliyefundishwa, na tarehe za kuisha matumizi zilizobaki wiki chache. Miezi baadaye mtoto anarudi mrija umeziba, daktari anafungua anakuta kiungio cha kipenyo ambacho hana. Analazimika kutoa mfumo mzima uliokuwa na kasoro ya kipande kimoja. Hospitali iwe na ujasiri wa kuandika barua ya shukrani na kukataa.

Kambi za wiki moja nazo zina masharti. Zimeokoa watoto, na hakuna wa kubisha hilo. Lakini ukiweka mirija 40 Jumatatu hadi Ijumaa na wageni wakaondoka Jumamosi, kwa hesabu ya mwaka wa kwanza watoto 16 hivi watarudi wakimtafuta mtu wa kuwafungua tena. Huyo mtu awepo kabla kambi haijatangazwa redioni, na awe ndiye aliyeshika kisu wakati mgeni akimsimamia. Warf alipoondoka Uganda kazi haikufungwa. Daktari Mganda John Mugamba ni miongoni mwa waliofundishwa pale wakaiendeleza na kuwafundisha wengine. Taasisi ya NED ya Hispania ilizungusha kamera ya kubebeka katika hospitali za Afrika Mashariki ili madaktari wenyeji wajifunze wakiwa kwao, na mwaka 2014 ikafungua jengo la upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar. Kijabe nchini Kenya, shirika la BethanyKids limejenga huduma ya watoto hawa ndani ya hospitali inayofanya kazi mwaka mzima. Hiyo ndiyo mifano ya kuidai.

Kwa mzazi na muuguzi wa kliniki

Kifaa chenye thamani kuliko vyote hapa ni tepu ya kupimia. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na kichwa cha takriban sentimita 35. Kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, sentimita 1 kwa mwezi hadi miezi sita, kisha nusu sentimita. Tepu ipite juu ya nyusi na kwenye kisogo pale palipotokeza zaidi, ipimwe mara tatu, namba kubwa iandikwe kwenye kadi. Kichwa kinachovuka mistari ya chati kuelekea juu kipelekwe altrasaundi wiki hiyo, kisisubiriwe chanjo ijayo.

Aliyekwisha kuwekewa mrija arudi haraka akiona utosi umejaa mtoto akiwa ametulia na ameketi, kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, macho kuelekea chini, homa isiyo na sababu nyingine, au uvimbe unaofuata mrija. Chemba isibonyezwe nyumbani kwa majaribio, na hata hospitali kubonyeza hakutoi jibu la uhakika. Tanzania kuna ASBAHT, chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, na kwa mama aliyeachwa na mume kwa sababu ya mtoto huyu, kukutana na mama mwingine mwenye mtoto anayesoma shule kunamrudisha kliniki kuliko karatasi yoyote ya miadi.

Kuagiza

Kwa kila mirija 10 ya watoto wapya weka akiba ya minne ya marudio, na isiguswe kwa mtoto mpya hata orodha ikijaa. Agiza vali za kati kwa wingi, chache za kiwango cha chini, na mirija ya juu na ya chini inayouzwa peke yake kwa ajili ya kubadilisha kipande. Shehena ikifika, angalia tarehe kwenye kila kifurushi badala ya kuamini lebo ya boksi, kataa chenye mfuko uliopasuka au kulowa, na kihifadhi mbali na dirisha, maana jua na joto vinachakaza mfuko. Ukishaufungua mfuko na operesheni ikaahirishwa, mrija huo haurudi stoo wala hausafishwi upya: protini na vumbi vikishakamata silikoni havitoki. Namba ya toleo iandikwe mara tatu, kwenye faili, kwenye daftari la thieta na kwenye kadi anayobaki nayo mama, pamoja na kiwango cha vali na upande uliowekwa.